Usikate Spana Karibu na Mdomo

Maneno haya yalisemwa mbele ya mafundi makanika, wachomeleaji na vijana wa gereji, Unga Limited, Arusha. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa. Utani uliopunguzwa ni ule ambao nje ya gereji haungechekesha.

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, dada zangu wa gereji, na ninyi machalii mliojibanza kivulini kule nyuma, habari za mchana. Nimepewa nusu saa, na mnajua fundi akikuambia nusu saa ujiandae kulala hapo hapo. Nitajitahidi.

Mada yangu ni vifaa vya kujitengenezea. Fungueni sanduku lolote la spana, kuanzia hapa Unga Limited hadi Majengo ya Moshi. Mtakuta spana 14 iliyokunjwa shingo ili ifikie bolti ya juu ya stata. Mtakuta boksi la 10, ile spana ya kikombe inayovikwa nati, limechomelewa kwenye nondo likawa T. Mtakuta ufunguo wa Allen umekatwa ukapachikwa ndani ya boksi, na bisibisi kubwa iliyochomelewa nati shingoni ili skrubu ikigoma isaidiwe na spana. Hakuna duka linalouza vitu hivi. Vimezaliwa na shida.

Shida yenyewe tunaijua. Anayetengeneza gari hutengeneza pia kifaa maalumu cha kulifungulia, lakini kifaa hicho hakiji na gari. Kiko kwenye katalogi, kina namba yake, kina bei yake, na kina wiki zake za kusubiriwa. Sasa ni Agosti, msimu wa wageni umepamba moto, gari limeingia saa nne usiku kutoka Seronera, Serengeti, likinguruma habu ya mbele, kile kitovu cha gurudumu, na dereva anakuambia saa kumi na mbili asubuhi anatakiwa mlangoni pa hoteli. Utasubiri katalogi? Utawasha mashine uchomelee.

Sikuja kukataza jambo hilo. Ningekuwa nakataza, ningekuwa naikana nchi yangu. Wahunzi wa Mamba kule Uchagani na Washana wa Ugweno kule Upareni walikuwa wakifua majembe, mikuki na sime kwa ajili ya majirani zao kabla ya mtu yeyote hapa kuona spana. Vifaa vyao vya kazi havikutoka kwenye katalogi. Na zile Land Rover kuukuu zilizojaa mjini kwenye tamasha la Oktoba 2024, zikapigwa picha na dunia nzima, msidhani zimefika umri ule kwa vifaa vya katalogi peke yake.

Nilichokuja kusema ni kimoja. Spana ya kuchomelea ikivunjika, mara nyingi haivunjiki kwenye weldi. Inavunjika pembeni ya weldi, mahali ambapo jicho linaona chuma kizima. Mchomeleaji anaonyesha weldi yake nzuri iliyolala sawasawa na kusema, tazama, kazi yangu haijaachia. Ni kweli haijaachia. Kilichoachia ni spana yenyewe, na aliyeiua ni yeye.

Naomba tukae hapo kidogo, maana ndiyo roho ya mambo yote.

Geuza spana yoyote nzuri utakuta imechapwa Chrome Vanadium. Flatibaa tunayochomelea mageti ya watu ni chuma laini, kaboni yake haifiki hata robo ya asilimia moja. Chuma cha spana kina kaboni kati ya asilimia 0.3 na 0.5, halafu kimeongezewa kromu na vanadi kidogo. Ukisikia tarakimu hizo unaona tofauti ni ndogo mno. Kwa chuma ni tofauti kubwa. Geti unalichoma, unalimwagia maji, unalipaka rangi, mteja anaondoka. Spana ukiifanyia hivyo, ukanda mwembamba ulio kando ya weldi, ambao uliwaka mwekundu kisha ukapozwa ghafla, unageuka kuwa mgumu kupita kiasi na kukatika kama kigae. Na msidhani ni lazima umwagie maji. Ule mwili baridi wa spana wenyewe unanyonya joto upesi kiasi cha kutosha kuleta madhara hayo.

Juu ya ugumu huo kuna adui wa pili, haidrojeni. Inatoka kwenye unyevu: ganda la kijiti cha kuchomelea kilicholowa, grisi, kutu, jasho la mikono. Ndani ya weldi iliyoyeyuka inaingia kwa urahisi, chuma kikiganda inatafuta pa kutokea, na ikikuta ule ukanda mgumu inaufungua ufa. Ubaya wake ni kwamba haina haraka. Ufa unaweza kutokea siku moja au mbili baada ya moto kuzimwa. Ndiyo maana spana unaijaribu jioni inashika vizuri, unampigia simu rafiki yako kumringia, na keshokutwa inakuachia mkononi kiwiko kikiwa karibu na feni.

Dawa ya mambo yote mawili ni joto la taratibu, kabla na baada. Kabla ya kuchoma, safisha chuma mpaka king'ae, kisha kipashe moto wa gesi eneo lote linalozunguka mkato mpaka nyuzi joto 200 na zaidi kidogo. Utajuaje bila kipimo? Chuma kilichong'arishwa chenyewe ni kipimo. Kikifika nyuzi 220 hivi kinaanza kuvaa rangi ya majani makavu; kikifika 280 kinakuwa zambarau; kikigusa 300 kinakuwa buluu. Ukiona majani makavu, anza. Ukimaliza usikitupe sakafuni na usikipulizie kompresa. Kifukie kwenye kitu kikavu kisichopitisha joto, kipoe hadi kesho. Chokaa kavu inafaa, majivu yanafaa. Lakini ukitaka kitu bora kuliko vyote, tuma mtu Chekereni au Mabogini, kwenye mashine za kukoboa mpunga, akuletee gunia la majivu ya pumba. Viwanda vikubwa vya chuma hufunika chuma kilichoyeyuka kwa majivu hayo hayo kisipoteze joto. Sisi tunayatupa barabarani.

Kuhusu vijiti sitakaa sana. Wengi mnatumia kile chenye namba 6013 kwa sababu kinawaka kwa mashine yoyote na kinauzwa kila kona. Kwa geti ni kijiti kizuri. Kwa spana hakifai, kwa sababu ganda lake hubeba unyevu na unyevu ni haidrojeni. Tumieni 7018, ambacho ganda lake limetengenezwa kuwa kavu, na kikae kikavu. Pakiti ikishafunguliwa na kulala wiki nzima dirishani wakati wa masika, hicho si 7018 tena. Kinahitaji kuokwa upya kwenye nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au zaidi. Najua mtaniambia mashine zetu za kuchomelea za kusukwa kienyeji hazikiwashi. Kweli, nyingi hazikiwashi, volti zake za kuanzia ni ndogo na hicho kijiti kinapenda umeme wa moja kwa moja, kijiti kwenye chanya. Zile inveta, mashine ndogo za kisasa za kuchomelea, nyingi zinakiwasha, na siku hizi gereji haikosi jirani mwenye nayo. Ukiwa na chuma usichokijua kabisa, kuna kijiti cha stenlesi cha aina ya 312 ambacho kinavumilia mchanganyiko wa vyuma kuliko vingine. Bei yake itakufanya ufikiri mara mbili, na kufikiri mara mbili si hasara.

Wapo pia wanaounganisha kwa gesi na vijiti vya mafundi friji. Kijiti chenye fedha nyingi ni sawa, kinayeyuka kwa joto dogo kuliko la weldi na hakiiumizi spana kama weldi. Lakini kile cha shaba na fosforasi wanachounganishia mabomba ya friji msikitie kwenye chuma. Fosforasi na chuma hutengeneza utando unaovunjika kwa urahisi, na kiungo kitapendeza macho tu.

Sasa nafika mahali ambapo naona mafundi wengi wazuri wanapotea: mahali pa kukata.

Mtu anataka spana yenye shingo iliyopinda. Anaikata wapi? Karibu na mdomo, kwa sababu ndipo anapotaka mkunjo uwe. Hebu tupige hesabu. Chukua spana ya urefu wa milimita 200. Mkono wako uko mwisho wa mpini, unasukuma kwa newtoni 300, kama vile umening'iniza mzigo wa kilo 30 hivi. Kwenye nati, nguvu inayotaka kuipinda spana ni newtonimita 60. Nusu ya njia, katikati ya mpini, ni 30. Milimita 50 kutoka mkononi ni 15. Pale mkono ulipo ni sifuri. Chuma ni kile kile, mkono ni ule ule, lakini weldi iliyo karibu na mdomo inabeba mara nne ya ile iliyo robo ya njia kutoka mkononi.

Na kuna sababu ya pili, inayovuta upande huo huo. Mdomo wa spana ulipewa ugumu wake kiwandani kwa moto uliopimwa. Ukichoma jirani yake, ugumu unaondoka, mdomo unapanuka kidogo kidogo, na unapata spana inayokula nati. Fundi analaumu nati. Ukikata mbali, joto likifika mdomoni limeshachoka. Wako wanaofunga kitambaa kilicholowa mdomoni ili kuulinda. Mimi siipendi njia hiyo hata kidogo. Umetoka kuufukuza unyevu halafu unauleta na kitambaa. Kata mbali, hutahitaji kitambaa.

Kwa hiyo mkitaka spana ndefu, au spana yenye mpini wa bomba, au vichwa viwili tofauti kwenye mpini mmoja, mkato uwe nyuma. Mkitaka shingo iliyopinda karibu na mdomo, msikate kabisa. Pasheni ile shingo mpaka iwe nyekundu, ikunjeni polepole kwenye jiriwa, ifukieni kwenye majivu. Itakuwa laini kidogo pale ilipokunjwa, na ulaini unakuonya: spana laini inapinda kwanza, unaiona, unaacha. Spana iliyokakamaa hailiambii jicho lako chochote. Na mara nyingine hata moto hauhitajiki. Unachotaka ni spana nyembamba ipite kati ya kizuizi na nati? Jiwe la grinda linatosha, mradi usiache chuma kigeuke buluu. Chovya maji kila mara unaposaga. Hapo maji ni ruksa, kwa kuwa chuma hakijawa chekundu.

Nirudi kwenye habu ya gari la Seronera.

Nati za habu ya mbele za Land Cruiser hizi za kazi zina upana wa milimita 54. Za Land Rover Defender ni 52. Boksi la ukubwa huo si kitu cha kukuta kwenye kila sanduku, kwa hiyo kuna desturi ambayo sitamtaja mtu lakini sauti yake inasikika mtaa mzima: tindo na nyundo. Ta, ta, ta, nati inazunguka. Ile nati kazi yake ni kuweka beringi kwenye mbano wake sahihi, si zaidi wala si pungufu. Kwa tindo unakisia. Tena kila pigo linamenya chembe za chuma, na chembe zinaangukia kwenye grisi ya beringi mpya uliyomuuzia mteja. Baada ya safari mbili za Natron anarudi, na wewe unamwambia beringi za siku hizi ni feki.

Boksi la 54 linatengenezwa mchana mmoja, na uzuri wake ni kwamba halina kipande hata kimoja cha chuma kigumu ndani yake. Tafuta nati ya zamani ya habu, ile ambayo tindo limeshakula pembe. Pande zake bado ni nzima na ndizo tunazozitaka. Nati hiyo ndiyo kalibu. Izungushie bati la kopo la maziwa ya unga, lenye unene wa kama sehemu mbili za kumi za milimita, kwa sababu weldi ikipoa hujivuta na bila bati hilo nati haitatoka humo milele. Upande mmoja wa nati ya 54 una urefu wa milimita 31 hivi, kwa hiyo flatibaa ya upana wa 30 na unene wa 6 inakaa kama ilizaliwa hapo. Kata vipande sita, vizungushe, vifunge kwa waya. Kati ya kipande na kipande patabaki mfereji wa V pande zote sita, na huo ndio mlango wa weldi. Shika kila kona kwa tone dogo kwanza. Halafu jaza kona moja, ruka uende ya upande wa pili, urudi, ili chuma kisijivute upande mmoja. Kikipoa, gonga nati itoke.

Kilichobaki ni bomba nene la kupokea ncha ya stabu, yaani ekseli fupi inayobeba habu, lichomelewe nyuma ya pembe sita zako, na mgongoni bamba la milimita 10 lenye tundu la mraba la nusu inchi, yaani milimita 12.7, la kuingizia mpini, lililochongwa kwa tupa. Wengi hapo huchomelea boksi la zamani la nusu inchi. Ukifanya hivyo umerudisha chuma kigumu na matatizo yake yote kwenye kifaa ambacho hakikuwa nayo. Chonga tundu. Kijana wa mafunzo akilalamika mkono unauma, mwambie tupa ndiyo chuo.

Kwa kifaa cha namna hii 6013 inatosha, huhitaji kupasha, huhitaji majivu. Chuma laini kinasamehe. Hii ndiyo rai yangu kwenu leo kama mnataka rai: kabla ya kukata spana nzuri, jiulize kama kifaa unachotaka hakiwezi kuzaliwa na flatibaa na bomba, kiwe kinene zaidi kufidia ulaini wake. Vipula vya puli, funguo za pini mbili, vishikio vya kuzuia krenki isizunguke, hivyo vyote ni kazi ya chuma laini. Nafasi ikiwa finyu kiasi kwamba unene hauingii, hapo ndipo spana inapotolewa sadaka.

Na kama hujui chuma ulichookota kwenye skrepa ni cha aina gani, kuna majaribio mawili ya bure. Tupa ikiteleza juu yake bila kung'ata, ni kigumu, heshimu. Ukikigusisha kwenye grinda, chuma laini kinatoa cheche ndefu zenye matawi machache. Chenye kaboni nyingi kinatoa cheche fupi zinazopasuka-pasuka karibu na jiwe. Jaribu kwa flatibaa, kisha jani la springi, kisha tupa kuukuu. Jani la springi lina kaboni kama asilimia 0.6, tupa inapita asilimia 1. Ukiona cheche za tupa hutazisahau, na hutachomelea tena mpini kwenye tupa.

Nigusie kuongeza urefu, maana ni ugonjwa wetu wa kawaida. Nati ikigoma tunavisha bomba, na bomba likizoeleka mtu analichomelea kabisa likawa mpini. Ile spana ya 200 ilikuwa inatoa newtonimita 60. Ipe mpini wa 600, mkono ule ule unatoa 180. Bolti ya Toyota yenye kichwa 17 kwa kawaida ni ya milimita 12, na kama ni ya daraja la nguvu 8.8 inatakiwa kukazwa karibu newtonimita 80. Urefu wa spana umewekwa na mtu aliyepiga hesabu ya mkono wako. Mpini mrefu uwe wa kufungulia tu, na muupake rangi nyekundu ili hata mgeni wa gereji ajue si wa kukazia.

Toki renchi, ile spana ya kupimia mkazo, yenyewe haichomelewi kitu, hata ukitishiwa bunduki. Lakini inaweza kuvalishwa kipande cha kuongeza kilichotengenezwa pembeni, kwa ajili ya nati zisizofikika, na hapo lazima upige hesabu nyingine. Tuseme toki renchi yako ina milimita 400 kutoka katikati ya kichwa hadi mkono unaposhika, na kipande chako kinatokeza mbele milimita 100. Unataka 100 kwenye nati. Usiweke 100. Zidisha kwa 400, gawa kwa 500, weka 80. Kipande kikikaa kwa pembe ya mraba na renchi, hesabu hiyo haihitajiki, weka namba kama ilivyo. Wengi mmekuwa mkikaza kwa ziada ya robo nzima bila kujua.

Kuna vitu visivyoguswa na kijiti, na hapa sitoi sababu ndefu. Uso wa nyundo, maana ukichomwa vipande vyake hurukia macho. Boksi za kromu zinazong'aa, msizichomelee ili zitumike kwenye bunduki ya upepo, ile mashine ya kufungulia nati. Hizo ni nyembamba na ngumu, bunduki inataka boksi nyeusi. Jeki na stendi zake. Kibanio cha springi za koili. Kitu chochote kinachosimama kati ya uzito wa gari na kifua cha binadamu.

Kuna weldi moja tunayoifanya juu ya gari lenyewe ambayo naipenda kuliko zote, ya kutoa stadi, ile bolti isiyo na kichwa, iliyokatikia ndani. Unaweka nati juu ya kisiki, unachoma katikati ya tundu la nati mpaka vishikane, unaacha ipoe, unazungusha kwa spana mbele na nyuma. Watu wanadhani siri ni kushika nati. Nusu ya siri ni joto: stadi inatanuka ndani ya tundu, ikipoa inajivuta, kutu inaachia. Kwenye silinda hedi ya aluminiamu inakwenda vizuri zaidi, kwa sababu weldi ya chuma haishikani na aluminiamu hata ikimwagika. Ila chomoeni betri kwanza, na kibanio cha ardhi cha mashine kiwe karibu kabisa na kazi. Kibanio kikiwa bampa ya nyuma na wewe unachoma mbele, umeme unapita popote unapopata njia, kwenye beringi, kwenye kompyuta ya gari, na hautakuambia umepita wapi.

La mwisho kabla ya maswali ni mapafu na macho. Kromu inayong'aa kwenye spana ikichomwa inatoa moshi wenye sumu ya kusababisha saratani. Iondoe kwa grinda, sentimita kadhaa kila upande, ukiwa umevaa barakoa, kabla hata hujapasha. Vifaa vingine vya zamani vyenye utando wa dhahabudhahabu huenda vina kadimiamu, na moshi wa kadimiamu unaweza kumuua mtu ndani ya siku chache. Hivyo viwekeni tu vilivyo. Bomba la maji lenye zinki linaleta homa ya usiku, na najua tunakunywa maziwa tukiamini yanasafisha kifua. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu. Kunyweni kwa kuwa ni matamu. Macho yakiungua kwa mwanga, msiweke viazi wala majani ya chai. Yakizidi kuuma siku ya pili nendeni hospitali, na wa Moshi mna bahati, KCMC ipo hapo mlangoni.

Pale mezani nimeweka boksi la 54 na nati yake, liwekeni mikononi. Kando yake kuna spana tatu za 17, zote zimekatwa na kuchomelewa mpini. Moja ilichomwa kwa 6013 kilicholowa na kupozwa kwa maji, nyingine ilikatwa mbali na mdomo ikapashwa na kufukiwa. Ya tatu siwaambii. Kuna mafuta ya taa kwenye kopo na chokaa kwenye kifuko: paka mafuta, futa kabisa, nyunyiza chokaa, subiri kidogo uone mafuta yanachora mstari wapi; mstari huo ndio ufa. Mtakaponiletea maswali, anzeni na ile ya tatu, mniambie kama mngeifungulia nati. Karibuni.